Vipuri Nilivyochukua Rodi

Baba yangu aliniachia duka la dawa za mifugo mjini Migori, na gari. Ndugu zangu waligawana shamba la kule Kuria nami sikuteta, kwa sababu nilikuwa nimepata nilichokitaka. Lilikuwa gari refu la rangi ya maziwa, lenye viti vya safu tatu, limeinama nyuma kama fisi, la aina ambayo vijana wa leo wameiona kwenye picha za zamani tu. Baba aliliita ng'ombe wake. Kila aliposhauriwa aliuze alijibu kwamba ng'ombe unayemkamua humchinji. Gari hilo lilinipeleka shule ya bweni nikiwa na sanduku la mabati mapajani. Lilimpeleka mama hospitali likamrudisha mzima. Mwishowe lilimbeba baba mwenyewe kwenda kuzikwa, viti vya nyuma vimekunjwa, jeneza limelala juu yake, na mimi ndiye niliyeshika usukani.

Kwa hiyo wanunuzi wa vyuma chakavu walipoanza kusimama mlangoni pa duka kuniuliza bei, nilikasirika kama mtu aliyetukaniwa mzazi. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba nililipenda gari lile kweli. Upendo huo ndio niliojificha nyuma yake kwa muda mrefu.

Fundi wangu ana gereji karibu na daraja la Mto Migori. Alikuwa akilitengeneza tangu enzi za baba, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Madam, injini ni nzima," aliniambia mara nyingi. "Shida ni vipuri. Wenzake wote walishakufa."

Siku iliyoanzisha mambo, nilikuwa napeleka chanjo ya kuku Homa Bay. Chanjo hiyo haivumilii joto, nilikuwa nimeifunga kwenye kisanduku cha barafu. Kabla sijafika soko la Rodi, mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti, mwanzo kidogo, kisha kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Nikasogea kando ya barabara. Kulikuwa na boma lenye ua wa minyaa, nikaingia na dumu langu kuomba maji.

Mama mmoja alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, juu ya turubai. Alikuwa mrefu, miaka sabini hivi, na kitambaa cheupe kichwani. Dholuo yangu, yaani Kijaluo, ni ya sokoni, naye Kikuria hakukijua, basi tukashika Kiswahili, na tangu siku hiyo Kiswahili ndicho kilichokuwa kati yetu.

"Shikamoo mama. Naomba maji ya gari."

Alikuwa akitazama barabarani, juu ya bega langu. Akaweka mikono yote miwili kichwani.

"Hiyo gari umetoa wapi?"

"Ilikuwa ya marehemu baba yangu."

"Wee! Acha maji. Njoo kwanza uone."

Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha mabati. Akavuta turubai. Chini yake lilikuwepo gari kama langu, pacha wake kabisa, ila hili lilikuwa la buluu hafifu. Magurudumu yalikuwa yameinuliwa juu ya mawe. Vioo viling'aa. Hata vumbi la kuandikia kwa kidole halikuwepo.

Mumewe, alinieleza, alikuwa daktari wa zahanati. Gari hilo ndilo alilozungukia wagonjwa, kutoka Karungu mpaka Mbita, na sasa ilikuwa miaka sita tangu afariki. Watoto walikuwa mbali na kila mmoja na maisha yake. Kila Jumapili asubuhi mama alilifuta gari ndani na nje. Boneti tu ndiyo hakuigusa kamwe. "Huko kulikuwa kwa mzee," alisema.

Nilimpigia fundi simu, akaja na pikipiki. Alitazama gari langu akatikisa kichwa. Pampu ya maji ilikuwa imekwisha. Tutafute wapi? Hakujua. Nadhani macho yangu yalikwenda nyuma ya nyumba kabla ya mdomo, kwa sababu mama ndiye aliyesema.

"Chukua ya mzee. Chuma ikikaa tu inaoza. Yeye angekupatia."

Wakati fundi akifungua pampu, chanjo yangu ilihifadhiwa kwenye friji ya mama, na mimi nikakaribishwa ndani. Nilikula samaki na ugali mezani pake, chini ya picha ya mumewe akiwa amesimama karibu na gari lile. Nilipotaka kujua nitamlipa nini, alicheka.

"Nyara," alisema, neno la Kijaluo la kumwita binti yako mwenyewe, "mimi siuzi. Jambo moja tu. Usitoe kitu bila kuniambia. Mimi sijui magari, lakini nataka kujua nini imetoka."

Niliahidi. Aliomba tukiwa tumesimama mlangoni, akanishika kichwa, akaomba nisafiri salama.

Miezi mitatu baadaye alternata yangu, ile ya kuchaji betri, ilikufa. Nilikwenda Rodi na kilo mbili za sukari, nikamwomba. Aliuliza kama ni kitu kikubwa. Nikamwambia ni kidogo, kama chungu cha mboga. Alikubali, ingawa safari hii alisimama karibu na fundi mpaka kazi ikaisha, na kile kitu kilipotoka alikishika mkononi kidogo kabla ya kunipa.

Mara ya tatu ilikuwa kabureta. Gari lilikuwa likinywa petroli kama linaoga nayo. Nilikwenda tena, na sukari tena. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hapana, nyara. Imetosha. Siku moja nataka iwake. Ukitoa kila kitu, itawaka na nini?"

Alisema kwa upole. Alinipa chai, tukaongea habari za kuku wake. Lakini niliporudi Migori nilikuwa nimenuna kama mtoto aliyenyimwa. Nilijiambia kwamba gari lake halikwenda popote, na langu lilibeba chanjo, lilikuwa na kazi, lilikuwa hai. Nilijiambia kwamba kumfutia maiti vumbi si upendo. Maneno hayo niliyasema kwa sauti, peke yangu ndani ya gari, na nilijiona mwenye hekima.

Yeye ni Msabato. Jumamosi hutoka nyumbani asubuhi, akakaa kanisani mpaka jua linaelekea kushuka. Mimi ni Mkatoliki, siku yangu ni Jumapili. Sikuhitaji kufikiri sana.

Jumamosi ya kwanza tulifika saa nne asubuhi. Fundi aliweka mkoba wake wa spana chini, akanitazama.

"Mwenyewe anajua?"

"Anajua."

Bomani alikuwepo mchungaji wa ng'ombe wa mama, mzee wa asili ya kisiwa cha Mfangano, mtu wa mila za zamani ambaye hakwenda kanisani. Alitoka zizini akatusalimu, akatazama boneti iliyofunguliwa.

"Mama yuko kanisani," alisema.

"Najua, mzee wangu. Ametuambia tuje tu."

Alisimama kidogo, akarudi kwa ng'ombe wake. Tuliondoka na kabureta. Gari langu lilikwenda siku hiyo kama limepewa mapafu mapya, na nilipokuwa nikipanda kilima cha kuelekea Rongo nilikuwa nikiimba.

Jumamosi ya pili, wiki chache baadaye, tulichukua rediata na stata. Ya tatu tulichukua distribyuta, ile ya kugawa cheche, na waya zake zote, na honi, kwa sababu yangu ilikuwa imepata sauti ya mbuzi mgonjwa. Hiyo honi hata sikuihitaji. Ningeweza kununua honi yoyote dukani. Niliitaka kwa sababu ilikuwa ya asili, ya gari la aina ile. Kila mara tulifunga boneti vizuri, tukarudisha turubai, nikaifunga kamba jinsi alivyokuwa ameifunga yeye.

Kisha mama akanipigia simu. Alikuwa na furaha ya msichana.

"Nyara, nimeita fundi kutoka Homa Bay mjini. Nataka gari ya mzee itengenezwe, inipeleke Karungu. Tulianzia maisha huko, kwa nyumba ya zahanati, karibu na maji. Nataka kuiona nikiwa nimekaa kwa kiti yangu ya mbele. Wewe unajua hiyo gari. Kuja usimame na mimi."

Ningeweza kumwambia kwenye simu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta, duka halina mteja hata mmoja. Nilimwambia nitakuja.

Nilikwenda kwa sababu niliona kwamba nisipokwenda nitashukiwa. Nililiacha gari langu Rodi sokoni, nikatembea. Nilimkuta mama amevaa nguo yake nzuri ya kitenge. Fundi wa Homa Bay, mwanamume mnene mchangamfu, alikuwa akimtania kwamba leo atapigiwa honi kama bibi harusi. Mchungaji alikuwa ameegemea nguzo ya kibanda.

Fundi alifungua boneti. Akainama, akainuka.

"Mama, hapa hakuna kitu."

"Pampu ya maji haiko, na ile ingine ya umeme. Hiyo najua."

"Si pampu, mama. Hakuna rediata. Hakuna kabureta. Hata honi. Hii wamekula ikabaki mifupa."

Mama alisogea. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliinama kutazama ndani ya boneti ile, akaona nafasi zilizo wazi na vipande vya waya vilivyokatwa. Halafu akanigeukia. Hakukuwa na shaka usoni mwake, nataka hilo lijulikane. Aliuliza kama mtu anayetaka shahidi wake aseme.

"Si wewe ulichukua hizo mbili tu?"

"Ndiyo, mama. Hizo mbili tu."

"Ni huyu," mchungaji akasema. Hakupandisha sauti. "Alikuja na fundi wake. Jumamosi, mara tatu. Alisema umemruhusu."

Mama alimgeukia polepole.

"Usitaje mtoto wangu."

"Mama, nimesema nilichoona."

"Mimi nimekuacha na boma yangu kila Sabato. Ni wewe peke yako ulikuwa hapa. Sasa unataka kuweka kwa mgeni?"

Yule mzee alinitazama. Alinipa muda. Najua kwamba alikuwa akinipa muda, kwa sababu hakusema neno lingine na hakuondoa macho kwangu. Mimi niliyatazama magurudumu. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, na nikayatazama magurudumu mpaka nikasikia nyayo zake zikielekea kwenye kijumba chake kukusanya vitu. Alikuwa amechunga ng'ombe wa boma lile tangu daktari akiwa hai. Aliondoka na mfuko mmoja.

Mama alilia. Mimi ndiye niliyemshika. Mimi ndiye niliyemchemshia chai jikoni mwake, nikamwambia binadamu hawaaminiki.

Wiki mbili niliendesha gari hivyo hivyo. Liliwaka kila asubuhi mara tu nilipogeuza ufunguo, halijawahi kuwa zima namna ile tangu baba afariki. Sikulala vizuri, nikapungua, nikasingizia vidonda vya tumbo. Hata padri nilimkwepa. Nilibadilisha misa, nikaenda ile ya asubuhi sana, nikakaa nyuma.

Aliyenikomesha ni fundi wangu. Mafundi wanajuana, na habari za Rodi zilikuwa zimefika daraja la Migori. Nilipeleka gari kubadilishiwa mafuta. Alikuwa amelala chini yake, akatoka, akakaa palepale kwenye vumbi.

"Madam, nasikia mchungaji wa yule mama amefukuzwa. Eti aliiba vipuri."

Nilifungua mkoba kutafuta hela ya mafuta.

"Si ulisema mwenyewe anajua?"

Aliweka spana chini taratibu, kana kwamba ilikuwa yai.

"Basi mimi ni mwizi," alisema. "Umenifanya mwizi na mimi sikujua. Nilikuwa nimevaa ovaroli yenye jina la gereji yangu mgongoni." Akafuta mikono. "Huyo mzee yuko Macalder. Anavunja mawe ya dhahabu. Kwa umri ule."

Nilikwenda Macalder siku iliyofuata. Niliuliza uliza mpaka nikampata kwenye mashimo, amekaa juu ya gunia, anaponda mawe kwa nyundo katikati ya wanawake. Vumbi lilikuwa limemfanya mweupe nyusi na ndevu. Alinitambua, akaendelea kuponda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Nilikuwa nimejiandalia hotuba njiani. Nilisema tu, "Ni mimi niliyechukua."

"Mimi najua," alijibu. "Nilikuona. Unaniambia ya nini? Mwambie asiyejua."

"Nimekuja nikurudishe. Twende pamoja nikamwambie mbele yako."

Aliinua kichwa akatazama gari langu la rangi ya maziwa, nililoliegesha karibu na mashimo. Akatema mate pembeni, si kwa dharau, ni vumbi tu.

"Hiyo sipandi," alisema. "Nenda. Mama akinitaka, simu yangu anayo."

Kutoka pale mpaka Rodi sikumbuki barabara. Nilimkuta mama amekaa kwenye kibaraza akichambua maharagwe. Aliinuka kunilaki, nikamwomba akae. Nilipiga magoti, jambo ambalo sikuwa nimepanga. Nilimwambia yote, Jumamosi moja baada ya nyingine, na kila kitu kwa jina lake, pamoja na honi. Alipokuwa akisikiliza, vidole vyake viliendelea kuchambua maharagwe, mabovu huku, mazima huku.

Nilipomaliza, alipepeta ungo mara moja.

"Hizo siku mimi nilikuwa wapi?" aliuliza.

"Kanisani, mama."

"Nilikuwa nafanya nini huko?"

"Ulikuwa unasali."

"Nilikuwa nakuombea. Wewe na hiyo gari, isikuharibikie njiani." Aliweka ungo chini. "Na yule mzee nilimfukuza kwa mdomo wangu mwenyewe. Aliniambia ukweli, nikamwita mwizi. Umenitia dhambi kwa nyumba yangu."

Nilisema samahani. Neno lile lilikuwa dogo mno, hata mimi nililisikia likianguka.

"Rudisha," alisema. "Kila kitu. Hata ile nilikupatia." Kisha akaingia ndani akafunga mlango, na kupitia dirishani nilimsikia akipiga simu, akiongea Dholuo kwa sauti ya chini, akirudia neno la kuomba msamaha.

Fundi wangu alikubali kufanya kazi hiyo, ila hakutaka nimlipe na hakutaka niongee. Kwa siku tatu alihamisha vitu kutoka gari la maziwa kwenda gari la buluu. Mimi nilimpa spana alizoomba. Mchungaji alikuwa amerudi. Mama alikuwa amekwenda Macalder kwa gari la kukodi na kumwomba radhi mbele ya wale wanawake wanaoponda mawe. Hilo nililisikia kwa wengine. Siku zile tatu mchungaji alipita karibu yetu na ng'ombe asubuhi na jioni. Chakula kililetwa kwa fundi kwenye sinia. Kwangu kililetwa pia, kwenye sahani, lakini hakuna aliyenikaribisha ndani.

Gari la buluu liliwaka siku ya tatu, baada ya kukohoa sana. Mama alisimama ameziba mdomo kwa leso. Fundi alibonyeza honi, na ng'ombe wakakimbia. Sikuwepo walipokwenda Karungu. Nilisikia kwamba fundi wa Homa Bay ndiye aliyeendesha, mama amekaa mbele na mchungaji nyuma, na kwamba ile nyumba ya zahanati ilikuwa imeshabomolewa, lakini mama alikaa pale majini mpaka alasiri na akanunua samaki.

Gari la baba lilivutwa kwa kamba kutoka Rodi mpaka Migori, nyuma ya lori la mchanga. Mtu lazima akae kwenye usukani, na huyo mtu nilikuwa mimi. Njia nzima, Rongo na Awendo, watu walinionyesha kidole, wengine wakinipigia makofi kwa utani. Nilikuwa nimewaambia ndugu zangu injini imekufa. Kaka yangu mkubwa alisema ni kudra ya Mungu, limefanya kazi yake. Nikaitikia. Uongo huo bado sijaurudisha, na labda watausoma hapa.

Sasa limekaa nyuma ya duka. Silifuti vumbi. Nilijaribu mara moja, mkono ukanishinda.

Karibu mwaka ulipita bila neno kutoka Rodi. Halafu mvua za masika zilipokatika, kideri kiliingia, kuku wakaanza kufa kila upande, na siku moja simu ikalia, na jina lake likatokea kwenye kioo. Nilikaribia kutoipokea.

"Kuku wangu wanakufa," alisema bila salamu. "Uko na dawa?"

"Waliougua dawa haipo, mama. Walio wazima nitawachanja."

"Basi kuja."

Nilikwenda kwa pikipiki, kisanduku cha barafu mapajani. Walikuwa wamefungia kuku kwenye chumba cha kuhifadhia mahindi. Tukafanya kazi wote watatu. Mchungaji aliwakamata na kumpa mama, mama akawashika mabawa na kuwageuza kichwa upande, mimi nikatia tone moja la chanjo jichoni na kungoja kuku apepese. Hatukuongea ila yaliyohusu kazi. Manyoya yalikuwa yakiruka, mchungaji akapiga chafya, na mama akasema, "Pole." Sikujua kama alimwambia yeye peke yake.

"Wangapi bado?" niliuliza.

"Huyu," mama alisema, akaninyooshea jogoo mwekundu aliyekuwa akipigana. "Shika miguu. Ana nguvu."

Nikamshika.